Kaseti Iliyokimbia: Turekebishe Kasi au Kidatu Peke Yake?

Tabora ni mji uliozaa bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, na kaseti za muziki wa dansi bado zimelala katika makabati ya wazee wengi. Vijana wenye kompyuta huombwa wazihamishie kwenye faili za dijitali kabla utepe haujaliwa na ukungu, na hapo ndipo ubishi unapoanza. Kaseti iliyorudufiwa kwa redio iliyochakaa mara nyingi huwa imekimbia au imechelewa, hivyo magitaa na waimbaji husikika juu au chini kuliko walivyokuwa siku ya kurekodi. Wapo wanaotaka kasi ya faili nzima ibadilishwe, na wapo wanaotaka kidatu, yaani ujuu na uchini wa sauti, kihamishwe peke yake huku mwendo wa wimbo ukiachwa ulivyo. Audacity, programu inayopatikana bure, ina amri zote mbili, tena zimekaa jirani, na pengine ujirani huo ndio unaowafanya watu wazione kuwa kitu kimoja.

Faili ya kiwango cha CD ina sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa kila sekunde. Anayebadili kasi huiagiza programu ikokotoe sampuli mpya zinazoangukia kati ya zile za awali. Zikisomwa tena kwa kiwango kilekile, wimbo hurefuka au hufupika na kidatu hufuata. Kanda iliyokimbia kwa asilimia 3 imeufupisha wimbo wa dakika 4 kwa takribani sekunde 7 na kuupandisha karibu nusu ya nusu toni. Hayo ni makosa mawili yenye chanzo kimoja, na hesabu moja huyaondoa yote. Anayeshusha kidatu pekee atapata gitaa lililokaa sawa ndani ya wimbo ambao bado unakimbia, na mpiga ngoma atasingiziwa pupa ambayo hakuwa nayo.

Wanaopinga husema kwamba kukokotoa upya kunaharibu sauti. Hoja hiyo ina ukweli mtu anapopandisha: mlio wa herzi 15,000 (mitetemo kwa sekunde) ukipandishwa oktavu nzima, yaani mara mbili, bila kuchujwa kwanza, utavuka kikomo cha 22,050, ambacho ni nusu ya zile sampuli 44,100, na kurudi chini kama mlio wa 14,100 ambao hakuna aliyeupiga. Lakini kaseti iliyokimbia hushushwa, haipandishwi, na hatari hiyo haipo.

Hata hivyo, upande wa pili una mahali ambapo haushindiki. Mwalimu wa kwaya ambaye waimbaji wake wa sauti ya kwanza hawaufikii wimbo waliopewa kwenye simu hahitaji wimbo wa polepole. Anahitaji wimbo uleule, chini kidogo. Akiushusha nusu toni 2 kwa kubadili kasi, dakika 4 zitakuwa dakika 4 na sekunde 29, na kwaya itaburuza kama iliyoamshwa usingizini. Kuhamisha kidatu peke yake kutamfaa zaidi, ingawa kuna gharama. Njia moja inayotumika sana huikata sauti katika vipande vifupi vya makumi ya milisekunde na kuviunga upya kwa kuvipandanisha, kazi ambayo irabu ndefu huivumilia, lakini kayamba na pigo la ngoma hupoteza makali au husikika mara mbili. Tena, sauti ya mtu ina mivumo inayotokana na umbo la kinywa na koo, iitwayo formanti, ambayo haishuki sambamba na noti. Programu ikiishusha formanti pamoja na noti, mama wa kawaida atasikika kama jitu. Zipo programu zinazoilinda, nazo hufanya vizuri kwa mwimbaji mmoja kuliko kwa kwaya nzima iliyorekodiwa kwa maikrofoni moja. Kwa mazoezi, dosari hizo hazimdhuru mtu. Kwa rekodi ya kuuzwa, ningependelea mpiga kinanda ahamishe ufunguo na kwaya iimbe upya.

Tukirudi kwenye kaseti, watetezi wa kasi nao hujiamini kupita kiasi. Huchukua noti ya la (A) yenye herzi 440, kipimo cha kawaida cha kulinganishia ala, kuwa ndiyo rula, kana kwamba kila bendi ilikuwa na kifaa cha kupimia. Wapiga gitaa wanaweza kulinganisha nyuzi zao kwa sikio, wote wakawa juu kidogo pamoja na bado wakapatana. Kuwavuta hadi 440 ni kuwasahihisha watu ambao hawakukosea. Ushahidi bora ni mvumo wa umeme. Umeme wetu wa gridi hutembea kwa herzi 50, na mvumo ulionaswa pamoja na muziki ukionekana kwenye 51.5, kanda imekimbia kwa asilimia 3 bila kubishana na gitaa la mtu. Tahadhari ni mbili: jenereta haishiki 50 kwa uthabiti, na redio inayochezesha kaseti leo ina mvumo wake wenyewe, ambao lazima utenganishwe na ule wa zamani. Pasipo na mvumo wa kuaminika, faili ghafi ihifadhiwe bila kuguswa, na nakala iliyorekebishwa iwekwe kando yake, ikiwa na asilimia ya marekebisho ndani ya jina la faili.