Excel kubadili namba yenyewe: tuizime kabisa au tuchague kolamu?

Minada ya korosho ikikaribia, makarani wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa mazao) za Tandahimba, Newala na Masasi hujaza kwenye Excel majina ya wakulima, namba za NIDA (kitambulisho cha taifa), simu, akaunti za benki na kilo. Wapo wanaotaka programu isiguse chochote kilichoandikwa. Wengine wanasema bila kubadili huko hesabu haziendi. Wote wana hoja, ila hawazungumzii kolamu moja.

Anayetaka kuzima ana ushahidi mzito kwenye namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, na Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Kuanzia ya 16 huweka sifuri. Ukiiandika mfululizo bila vistari, seli inaonyesha kitu kama 1.98503E+19, na tarakimu 5 za mwisho zimeshapotea. Kwa kuwa 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, wakulima wawili waliozaliwa siku moja, ambao tarakimu zao 7 zinazofuata zinalingana, wanageuka mtu mmoja. Kubadili seli iwe "Text" baada ya hapo hakurudishi kitu. Excel pia hufuta sifuri ya mbele ya namba. Ya simu ikipotea unaweza kuirudisha. Ya akaunti ya benki ikipotea, malipo yanakwama, na anayeumia ni mkulima.

Tatizo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 2020 wanasayansi walibadilisha majina ya jeni kadhaa, SEPT1 ikawa SEPTIN1, kwa sababu Excel iliisoma kama tarehe 1 Septemba. Tangu 2023 Microsoft 365 imepata swichi: "File", "Options", "Data", halafu sehemu ya "Automatic Data Conversion". Unaweza kuzuia kufutwa kwa sifuri za mbele, kukatwa kwa namba ndefu, kusomwa kwa herufi E katikati ya tarakimu kama alama ya kipeo, na herufi zilizoungana na namba kugeuzwa tarehe.

Swichi hizo zinafaa, lakini zisitegemewe peke yake. Zinakaa kwenye kompyuta, hazisafiri na faili. Chama kikuu cha ushirika wakiandika upya au wakifungua CSV (faili la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato) kwenye mashine yao, mchezo unaanza tena. Wala hazizuii shamba namba 5-12 kugeuka tarehe.

Upande wa pili nao usipuuzwe. Kolamu ya kilo ikiwekwa "Text", SUM (fomula ya kujumlisha) inaruka kila seli iliyo maandishi bila kukuonya, na jumla inatoka pungufu. Ukipanga, 1000 inatangulia 95. Tarehe iliyo maandishi haichujwi kwa mwezi. Kwa kilo, bei na makato, acha Excel itambue namba.

Tarehe ndiyo inayohitaji macho zaidi. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani husoma 3/11/2024 kuwa 11 Machi, huku 25/11/2024 ikibaki maandishi kwa sababu hakuna mwezi wa 25. Kolamu moja, makosa ya aina mbili. Andika 2024-11-03, au rekebisha mpangilio wa eneo kwenye Windows kabla ya msimu.

Kwa maoni yetu, kinga ya kweli ni kolamu. Kabla ya kuandika lolote, chagua kolamu za NIDA, simu, akaunti na namba ya shamba, bonyeza Ctrl+1, chagua "Text". Kwa seli moja moja, ritifaa (') mbele ya namba inatosha. Faili la CSV usilifungue kwa kulibofya mara mbili, maana CSV haihifadhi aina ya kolamu. Ukilifungua hivyo kisha ukalihifadhi, hasara imeingia ndani. Pitia "Data", "From Text/CSV", "Transform Data", weka kolamu hizo kuwa "Text", na ukiulizwa chagua "Replace current".

Kabla ya kutuma, pima. Kama NIDA zinaanzia B2, =LEN(B2), inayohesabu herufi za seli, itoe 20, au 23 kama vistari vimeandikwa. Lakini urefu peke yake hautoshi: sifuri 5 mfululizo mwishoni ni dalili ya namba iliyokatwa, iandike upya kutoka kwenye kitambulisho cha mkulima. Kwenye kilo, COUNT (inayohesabu seli zenye namba) na COUNTA (inayohesabu seli zote zisizo tupu) za eneo lilelile, bila kichwa cha kolamu, zilingane. Zikitofautiana, kuna uzito wa mtu haujahesabiwa.