Dereva Asiye na Gari

Keateka wa ploti yetu hapa Umoja aliniuliza nafanya kazi gani, nikamjibu naandika dereva za waifai, yaani programu zinazoendesha redio za waifai. Tangu siku hiyo akiniona anauliza, "Dereva, leo barabarani kulikuwaje?"

Jumapili moja nilikuwa na ruta ya majaribio yenye redio tatu: moja ya gigahezi 2.4, mbili za gigahezi 5. Kompyuta huziona kama kifaa kimoja, kwa hivyo dereva ikiambiwa iskani, yaani itafute mitandao iliyo karibu, lazima igawie kila redio chaneli zake za kusikiliza, halafu ingoje zote zimalize. Ni kama matatu yenye makanga watatu walioshuka steji kusaka abiria. Gari haling'oki mpaka wagonge bodi.

Nikaandika: ngoja wagonge watatu. Nikaamuru skani ya 2.4 peke yake, chaneli 1 hadi 13, milisekunde 110 kila moja, maana ruta nyingi hujitangaza kila milisekunde 102 hivi. Sekunde moja na nusu tu, nimemaliza.

Makanga wa kwanza akagonga. Wale wa gigahezi 5 hawakupewa chaneli hata moja. Hawakushuka, sasa watagonga nini? Dereva ikangoja. Na kwa ujuaji wangu, nilikuwa nimesimamisha foleni za data za redio zote mpaka skani iishe. Nikajaribu tena, jibu likaja -16: kifaa kina shughuli. Shughuli gani, jamani?

Ndipo ukuta ukagongwa. Wafula, jirani yangu, niliyempa paswadi ya ruta hiyo asubuhi.

Nikamkuta sebuleni na wajomba zake wanne, suti zimenyooka, mbele ya laptopu. Ilikuwa posa kwa video. Kwenye kioo, mzee wa Bungoma ameganda, kidole juu, mdomo wazi. Neno lake la mwisho lilikuwa "kumi na..."

"Ndugu yangu, kumi na ngapi?" Wafula akaninong'oneza, jasho likimtoka. Waifai inaonyesha mistari yote imejaa.

Nikakimbia, nikachomoa ruta, nikairudisha. Redio yao iko chaneli 100, na hapo sheria ni kusikiliza dakika nzima kama kuna rada kabla ya kutoa sauti. Nilihesabu sekunde 60 nimesimama mlangoni kama mshtakiwa.

Picha ikarudi. Mzee wa Bungoma alikuwa mpole ajabu. Kumbe upande wao, aliyeganda ni mjomba mkubwa: macho yamefumbwa, mkono shavuni, kama aliyefiwa. Wakadhani ng'ombe 14 wamemuumiza.

"Tumewaelewa, wakwe," mzee akasema. "Tufanye 11."

Mjomba mkubwa, ambaye hakuwa amesikia hata hiyo 14, akakohoa taratibu.

Jioni Wafula akaniletea kuku mzima. Akafunga mlango, akashusha sauti.

"Dereva, Jumamosi tunazungumzia mbuzi. Hiyo kitu yako bado haijatengenezwa, sivyo?"