Usinifananishe na Tarkovsky

Bibi ninayemtunza huku Siena, Italia, ana mjukuu anayesomea mambo ya filamu chuo kikuu. Kijana mzuri, mpole, ila hajui kunyamaza. Kipupwe kilichopita alikuja kulala kwetu, akatuwekea Nostalghia, filamu ya mwongozaji wa Kirusi Andrei Tarkovsky, kwa sababu baadhi ya sehemu zake zilipigwa humu humu mkoani. Bibi alisinzia mapema. Mimi niliyekulia Muheza nikitazama kanda za Kihindi na za ngumi kwenye kibanda umiza, nilijikaza, nikajikaza, kisha na mimi nikachukuliwa. Mtu anatembea. Anasimama. Mvua inanyesha. Anautazama ukuta. Nilipozinduka filamu imeisha, kijana ananiangalia kwa huruma. "Unaona," akasema, "wewe na Tarkovsky ni kitu kimoja. Nyote watu wa uhamishoni."

Nikamwambia nina vyombo vya kuosha.

Lakini neno lile lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Usiku bibi akilala nikawa namsoma huyo Mrusi kwenye simu, kidogo kidogo, na filamu nikairudia peke yangu, macho makavu. Sasa jibu ninalo, na ni refu kidogo.

Alizaliwa 1932 katika kijiji cha Zavrazhye. Baba yake, Arseny, alikuwa mshairi, akaondoka nyumbani mtoto akiwa na miaka mitano. Mama akabaki na wawili, Andrei na dada yake, akiwalea kwa kazi ya kusahihisha maandishi kwenye kiwanda cha uchapaji Moscow. Hapo sihitaji mkalimani. Ujanani alianza kusoma Kiarabu, akaacha, akaenda Siberia na watu wa kutafuta madini, na mwaka 1954 ndipo akaingia chuo cha filamu cha Moscow. Filamu yake ndefu ya kwanza, ya kijana mpelelezi wakati wa vita, ikampa Simba wa Dhahabu, tuzo ya tamasha la filamu la Venezia, mwaka 1962. Miaka thelathini tu! Mimi miaka thelathini nilikuwa bado napeleka bahasha za kaki kwenye ofisi za watu.

Halafu nyumbani kukamgeuka. Andrei Rublev, ile ya mchoraji wa picha takatifu, ilikuwa tayari mwaka 1966, na watu wa kwao wakaja kuiona 1971. Katikati hapo tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, walishaionyesha, mwaka 1969. Kati ya 1962 na 1979 alimaliza filamu ndefu tano tu. Miaka mingine ilikwenda kwa vikao, marekebisho, kusubiri saini. Shajara yake aliipa jina lenye maana ya orodha ya mashahidi wa imani. Mtu wa kulalamika, huyu. Nilipofika hapo nikampenda.

Kwa hiyo hadithi inayosimuliwa ni kwamba nyumbani walimnyonga na Ulaya ikamfungulia dirisha. Sisi wa ughaibuni hadithi hiyo tunaipenda mno, maana inatupa haki. Nyumbani hawathamini vipaji, ndiyo maana tumeondoka, basi. Sasa tazama kilichotokea kwenye filamu yake Stalker. Mwaka 1977 walipiga picha za nje kule Estonia, mkanda ukaharibika kwenye kusafishwa. Kazi ya miezi, takataka. Serikali ile ile iliyombana ikamruhusu aanze upya, kwa fedha ya serikali, mpaka filamu ikatoka 1979. Nyumbani walikuwa wachoyo wa ruhusa, ila muda walimpa. Ulaya hakuna aliyemwambia kata hiki, toa kile, lakini siku zilihesabiwa na kila siku ilikuwa na bei. Hata hivyo nisiwaonee: Uswidi, kwenye filamu yake ya mwisho, kamera ilikwama nyumba ya mbao ikiwaka moto, picha yenyewe ikakosekana. Wakaijenga tena, wakaichoma tena.

Hayo ya ruhusa na muda ndiyo niliyotaka kumwambia yule mjukuu, kwa kipimo changu mimi mdogo. Muheza nilifundisha chekechea ya mtu binafsi. Mshahara ulikuja ukijisikia kuja. Huku unaingia kwa tarehe, na Desemba unapata mshahara wa 13, yaani wa mwezi mmoja wa ziada. Huo mshahara wa 13 sikupaswa kuutaja kwenye kundi la familia. Mpaka leo naonekana malkia, wakati ni kubeba boksi tu kama wenzangu, tofauti yangu ni kwamba boksi langu lina miaka tisini na mbili na linataka kahawa saa moja kamili.

Upande wa pili, kwenye jengo letu alifariki mama mmoja wa ghorofa ya pili. Nilijuaje? Kwa tangazo lililobandikwa ukutani njiani nikienda kununua mkate. Miaka minne tumepishana kwenye ngazi! Muheza msiba unaujua kwa sauti ya kilio kabla hujafika mlangoni, na turubai linafungwa hujauliza ni la nani, na mtu aliyekudai jana leo anakuletea maharage.

Na kuna hili, ambalo kwenye simu za Jumapili hatulisemi. Mama yangu mzazi sasa anahitaji mtu wa kumshika mkono kwenda uani. Namlipa binti kutoka Lushoto amtunze. Namlipa kwa hela ninayolipwa kumtunza mama wa mtu mwingine. Yule binti naye ana mama yake huko milimani. Sijamuuliza anatunzwa na nani.

Tarkovsky mama yake alimweka kwenye filamu, Kioo, mwenyewe kabisa, mzee, akitembea. Mashairi ya baba yamo humo, kwa sauti ya baba mwenyewe. Mama alifariki 1979, na Nostalghia akamtunukia yeye. Mimi mama yangu ninaye kwenye video za sekunde thelathini.

Alikuja Italia 1982 kwa ruhusa, kazini, kuipiga Nostalghia, si kwa kutoroka. Filamu ikapata zawadi Cannes 1983. Akaomba aongezewe miaka afanye kazi nje, na mtoto wake wa kiume aruhusiwe kumfuata. Kimya. Baba yake, yule mshairi, akamwandikia barua arudi. Tarehe 10 Julai 1984, Milano, akawaambia waandishi wa habari kwamba harudi tena. Jiji la Firenze likampa nyumba. Mtoto alikuwa bado kwao, na bibi yake. Wakamwachia Januari 1986, baada ya baba kugundulika ana saratani. Desemba 29 mwaka huo huo baba akafariki Paris, ana miaka 54. Amezikwa huko huko Ufaransa, kwenye makaburi ya Warusi ya Sainte-Geneviève-des-Bois. Miaka minne baadaye nchi yake ikampa Tuzo ya Lenin. Marehemu, tuzo. Hilo hata kwetu tunalijua.

Huyo alikuwa uhamishoni. Mimi nilipanda ndege kwa nauli ya kikoba, nikapungiwa mkono na watu kumi na wanne. Kesho nikitaka kurudi hakuna serikali itakayonizuia. Kinachonizuia ni nauli, na ukishapata nauli ni zawadi, na ukishapata zawadi ni lile boma langu lililosimama kwenye linta tangu mwaka juzi, ambalo kila mtu anayepita barabarani analijua ni la nani. Tuseme ukweli, jamani: wengi tunaosema "nimekwama huku" tumekwamishwa na aibu. Nilikutana kwenye foleni ya vibali na kina mama wawili, mmoja wa Goma, mmoja wa Bujumbura, tukapiga Kiswahili mpaka namba zetu zikatupita. Wao ndio wa hilo neno la mjukuu. Yule wa Goma hakuniambia nyumbani kwake kukoje. Aliniambia kulikuwaje.

Foleni hiyo ndiyo iliyonifanya niielewe ile filamu, lakini. Kuna mahali, Bagno Vignoni, uwanja wa kijiji wenye bwawa la maji ya moto badala ya mawe. Kwenye filamu bwawa limekaushwa, na mhusika mkuu, naye Mrusi, anatakiwa kuvuka upande hadi upande na mshumaa unaowaka. Unazimika. Anarudi mwanzo, anaugusa ukuta, anauwasha. Unazimika tena. Anarudi. Karibu dakika tisa, picha moja haijakatwa. Mara ya kwanza ndipo niliposinzia. Mtu aliyewahi kupeleka makaratasi ya kibali akaambiwa imepungua karatasi moja, arudi mwanzo, hahitaji chuo kikuu kuzielewa dakika hizo.

Niliyasema yote haya kwa kijana, Kiitaliano changu kikipanda na kushuka. Alinisikiliza, kisha akauliza: "Na mwanao?"

Mwanangu nilimwacha ana miaka saba. Sasa ana kumi na tatu, sauti imevunjika, yuko kwa mama yangu. Ili nimlete natakiwa kuonyesha kipato kinachotosha na nyumba yenye nafasi inayotambulika, na mimi nalala chumba cha nyuma kwa bibi. Hakuna aliyemzuia kwa siasa. Ni fomu tu. Hapo nikarudi kwenye vyombo, ingawa vilikuwa vimekwisha kuoshwa.

Mwezi uliopita kijana alitupakia garini, mimi na bibi, akatupeleka San Galgano, ambako filamu ile inamalizikia: nyumba ya kijijini ya Kirusi imewekwa katikati ya magofu ya kanisa, mtu na mbwa wamekaa mbele yake, theluji inaanza kudondoka. Ni abasia, makao ya watawa, ya karne ya 13. Kuta zimesimama, madirisha yamesimama, juu ni mbingu. Karne ya 16 msimamizi wake aliuza madini ya risasi yaliyofunika paa, na baadaye mnara ukaanguka na kilichobaki. Bibi alikaa kwenye jiwe akala chungwa. Nilimpigia mwanangu simu ya video, shikamoo mama, marahaba, nikaizungusha kamera taratibu aone kote. Muheza mvua ilikuwa inapiga mabati, nilimsikia kwa shida.

"Mama," akasema, "hilo boma la nani? Nao wamekosa hela ya bati?"