Margay si paka wa sebuleni

Mwandishi wa makala yenu kuhusu margay, paka-mwitu mdogo, ameeleza vizuri jinsi anavyoteremka mti kichwa chini, kwa kuwa vifundo vya miguu yake ya nyuma hugeuka hadi nyuzi 180. Ila pale aliposema paka huyu "angefaa kufugwa nyumbani", nampinga kabisa. Ni mnyama wa usiku, wa misitu ya kuanzia Meksiko hadi kaskazini mwa Argentina, na uzazi wake ni wa polepole mno: mimba ya siku 80 hivi, kisha kwa kawaida mtoto mmoja tu. Jike ana chuchu mbili! Ukimtoa mmoja msituni, pengo lake halizibiki upesi. Ngozi zake zilishonewa makoti miaka mingi kabla CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, haujabana biashara hiyo. Siku hizi balaa ni ukataji wa misitu.

Halafu kisa kitamu kuliko vyote mmekiacha. Mwaka 2005, karibu na Manaus nchini Brazili, watafiti walimsikia margay akiiga mlio wa watoto wa tamarini, vile vitumbili vidogo, ili awavute tamarini wakubwa karibu. Siku hiyo hakupata kitu, lakini tamarini mmoja alishuka kweli kuchungulia.