Farasi Hakunivuta, Alinipita Tu

Kabla hamjaendelea kusambaza huko kwenye makundi ya WhatsApp ile sauti ya shemeji, kwamba gari langu lilivutwa na farasi, naomba niweke sawa jambo moja: farasi hakunivuta. Alinipita. Ni vitu viwili tofauti kabisa, na niliyekuwepo ni mimi, si yeye.

Mnajua nilivyowachosha na habari za gari la umeme. Hapa Columbus, Ohio, bei zilinishinda, na ule unafuu wa kodi wa hadi dola 4,000 kwa magari ya umeme yaliyotumika serikali iliufunga Septemba 30, 2025, mimi bado "natafakari". Ndipo nikaliona Indianapolis: Nissan Leaf ya 2015, ya bluu, inang'aa, bei ya kutupa. Ni jimbo la jirani tu, Indiana, maili kama 175, barabara kuu moja, I-70, hadi mlangoni. Shemeji akanishauri, "Shem, lilipie lori likuletee." Nikamjibu kwamba gari linaendeshwa, halibebwi. Kumbe alikuwa anarekodi.

Sasa Leaf hiyo ilipokuwa mpya ilipimwa kwenda maili 84 kwa chaji moja. Ilipokuwa mpya! Kwenye dashibodi kuna vijipande 12 vya kuonyesha uzima wa betri, na la kwangu lilibaki na vinane. Muuzaji akasema za umri huo zote ziko hivyo. Nikaitikia kwa kichwa, kifundi kabisa. Nikapewa namba ya muda ya karatasi, nikapiga selfi, nikawarushia. Ndiyo, ni ileile selfi mnayoitumia kama stika. Nimeiona.

Januari hii, mjue. Betri haipendi baridi, na hita inakula umeme uleule unaotakiwa kukufikisha nyumbani. Nikiwasha hita, maili zinapukutika kwenye kioo, nikizima, zinarudi. Nikachagua maili. Nikajifunika blanketi la mwanangu, la pinki, lenye sungura, ambalo mama watoto alilichomeka kwenye begi akisema, "Huwezi kujua." Mwanamke huyu ananifahamu.

Kituo cha kwanza cha chaji nikakuta mashine zimejipanga vizuri. Tatizo ni plagi. Leaf hizi zikitaka chaji ya haraka zinatumia plagi ya aina ya CHAdeMO, na Marekani plagi hiyo imeshaanza kuwa yatima. Vituo vipya vinafunga plagi za aina nyingine, CCS na ile ya Tesla. Waya wa CHAdeMO ulikuwepo mmoja tu, kichwa kimefungwa mfuko wa plastiki. Nikajaribu kuingiza ule mwingine. Haukuingia. Nikaugeuza. (Nyamazeni, hata nyinyi mngeugeuza.)

Nikaona dawa ni kuiacha I-70, nishike US 40, ile barabara ya zamani inayokwenda nayo sambamba, nitembee polepole nibane umeme. Mwanzoni ilikubali. Vijiji, mashamba ya mahindi yaliyovunwa, theluji, mimi na sungura wangu.

Haya, vuteni viti.

Kabla ya kamji ka Cambridge City, bado nikiwa Indiana, ile namba ya maili zilizobaki ikafutika. Haikuandika sifuri, iliandika vistari vitatu. Sifuri ningeielewa. Vistari vitatu ni gari linakwambia mambo yako hayanihusu tena. Nikazima redio. Nikachomoa simu kwenye chaja. Nikajikuta nimeegemea usukani, nalisukuma kwa kifua. Halafu kwenye dashibodi kakawaka kakobe. Sitanii: Leaf ikikaribia kukata roho inawasha taa ya kobe, kisha inakupunguzia nguvu. Nikikanyaga pedali mpaka chini, gari linajongea tu. Nikawasha hazadi, nikasogea ukingoni mwa barabara, nasema Bismillah.

Nikasikia kwa nyuma: ko-ko, ko-ko, ko-ko.

Kaunti ile ya Wayne ina Waamishi, watu ambao dini yao haiwaruhusu kumiliki magari, wanatembelea vigari vya farasi. Nikamwona kwenye kioo cha pembeni. Kwanza masikio. Kisha pua, inatoa moshi. Kisha farasi mzima akawa sambamba na dirisha langu, ananitazama kwa jicho moja. Nami nikamtazama. Hatukusalimiana. Kikafuata kibanda cha kijivu, na baba mwenye ndevu na kofia nyeusi, na pembeni yake mtoto aliyelitazama blanketi langu muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Yule baba akanyanyua kofia kidogo. Akanipita. Nyuma ya kigari, jamani, kuna ile pembetatu ya rangi ya chungwa ambayo sheria inataka ibandikwe kwenye vyombo vya mwendo wa pole. Chombo cha mwendo wa pole kimeni-ovateki! Na taa zake za nyuma zinatumia betri, tena zilikuwa zinawaka vizuri.

Yaliyobaki hayana maana. Gari likafa, mzee mmoja akaniachia soketi ya bandani kwake, ambayo kwa saa nzima inakupa maili nne au tano, nikanywa kahawa yake mpaka aibu ikanizidi, nikaita lori. Lori lilelile nililolikataa, ila sasa kwa bei ya dharura. Kwenye usajili wa magari huku Ohio wakakagua namba ya chesisi, wakachukua kodi yao, wakaongeza dola 200 za kila mwaka kwa kuwa gari la umeme halinunui petroli. Nikalipa kimya.

Sasa natafuta fundi wa kunifungia soketi ya volti 240 gereji. Najua shemeji ni fundi umeme, tena mzuri. Nauliza mwingine.