Pesa ya jirani na hofu ya masimango

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi nchini ilikatika katikati ya kazi na wakufunzi wakarudi nyumbani. Tangu hapo, hapa Tanga, wanaoendesha programu za vijana wamekuwa wakiulizana swali moja: kwa nini tuandike barua za kuvuka bahari, ilhali kuna familia za wafanyabiashara zenye taasisi zao za hisani, na wenyewe tunaswali nao msikiti mmoja?

Jambo lenyewe si geni kwa watu wa Pwani. Wazee wetu waliweka wakfu nyumba na mashamba ya minazi, kodi na mavuno yakahudumia msikiti, madrasa au kisima. Ukumbi wa Karimjee jijini Dar es Salaam, ambamo Bunge lilikutana miaka mingi, unabeba jina la familia ya wafanyabiashara. Taasisi ya Mo Dewji, iliyoanza 2014, ni ya kizazi cha karibuni zaidi katika njia hiyo hiyo.

Faida ya mfadhili wa karibu ni kwamba anaujua mtaa. Hatakuuliza Makorora iko wapi, wala kwa nini darasa lianze baada ya Alasiri watoto wakishatoka chuo cha Kurani. Andiko la kurasa tatu kwa Kiswahili analisoma mwenyewe na kulielewa. Tena kuna watoto ambao hawana mlango mwingine. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mpango mzuri, lakini ni mkopo, na mkopo unataka biashara ya kuurejesha. Mtoto wa miaka 14 anayefundishwa kusoma vizuri hana mauzo ya kupeleka benki. Kwake ni ruzuku, au hakuna.

Hata hivyo, ukaribu huo huo ndio unaonitia hofu, na hili nalisema kwa yaliyotupata. Kikundi chetu cha Ngamiani kinafundisha ushonaji wasichana waliomaliza darasa la saba. Familia moja ilitupa cherehani kumi. Tukapiga picha, tukasomewa dua, karatasi hatukuandikiana. Baada ya miezi minne tukaombwa kumpokea binti wa ndugu yao ambaye hakuwa na sifa tulizojiwekea. Tukampokea. Kisha tukaombwa kushona sare za wafanyakazi wao bila malipo. Tukashona. Mzee wa familia ile amesimama kwenye mazishi ya wazazi wetu, nani angemkatalia? Siku moja mwanafunzi wetu mmoja aliingia dukani kwao kununua uzi, akabishana bei na muuzaji. Akaambiwa mbele za watu: "Hata hiyo cherehani unayoshonea ni yetu." Hakurudi darasani.

Hayo ndiyo masimango, na kila mtu wa hapa anajua yanavyochoma.

Lakini siwezi kuwatupia wao lawama zote. Katika miezi ile minne hatukuwapelekea hata ripoti moja. Na wao wamekwishaumwa na vikundi vilivyochukua fedha vikapotea bila risiti, na kila Ijumaa mlangoni pana foleni ya wenye shida. Hatukuwaonyesha mpaka uko wapi. Walijuaje kwamba wameuvuka?

Kwa hiyo maoni yangu ni kuomba, ila kwa mkataba, hata wa ukurasa mmoja, mwenyekiti wa mtaa akiushuhudia: vifaa ni mali ya nani, wanafunzi anawachagua nani, ripoti inaletwa lini. Wapo wenzangu wanaoona kumwandikisha jirani mkataba ni kumkosea adabu. Mimi naona ni kinyume. Wakfu wenyewe una masharti ya mtoaji na una mashahidi, na akishatoa, ile mali si yake tena. Ndiyo maana mrithi hawezi kuja kudai minazi.

Tena tuombe vitu, tusiombe mishahara. Fedha ya familia inafuata biashara ya familia. Bandarini mambo yakienda mrama, hisani inaweza kuwa ya kwanza kupunguzwa, na mkufunzi hawezi kuishi kwa kubahatisha. Kwa mashirika yaliyosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 kuna la ziada: kanuni za 2018 zinataka fedha inayozidi shilingi milioni 20 itangazwe hadharani ndani ya siku 14. Wengine huona huo ni usumbufu. Mimi ningeufuata hata kwa milioni mbili, kwa sababu kilichotangazwa mtaa mzima hakigeuki kuwa siri ya kumsimangia mtu.

Sasa tunaandika andiko la pili, kwa familia ile ile. Kipengele cha nani anachagua wanafunzi tumekiweka ukurasa wa kwanza. Yule mwanafunzi aliyesimangwa dukani, tumempelekea mama yake ujumbe kwamba nafasi ya bintiye ipo, na cherehani yake ya dirishani bado hatujampa mtu.