Babu yangu hana namba
Jamani, hivi aliyekufa vitani akibeba mizigo hakufa? Namtafuta babu mzaa babu, mpagazi wa Kariakoo (yaani Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Mwingereza, siyo soko la nyanya na mitumba). Aliondoka 1917, Vita ya Kwanza ya Dunia, hakurudi. Ofisi ya kwanza: "Lete namba yake ya jeshi." Namba? Mzee kabeba risasi, mahema na unga, namba angeiweka wapi? Ofisi ya pili: "Jina kamili?" Nyumbani tunalo Juma tu. Majuma wangapi walivuka Rufiji!

Ofisa mzungu ana kaburi, cheo, tarehe. Wetu wa hapa wamegawana sanamu moja, ile ya Askari pale Samora, Dar es Salaam, tangu 1927. Nayo imeshika bunduki, kichwani hata furushi haina! Wewe mwenzangu unayemtafuta wako, ofisini uliambiwa urudi Jumatatu ipi?